Jirani Niliyemwona Kwenye Moshi

*Shangazi, naomba usitaje jina langu wala la kijiji chetu. Nyumba yetu ilichomwa huku Uasin Gishu siku ya mwaka mpya wa 2008, na mume wangu akauawa langoni akiwazuia vijana wasitufikie. Mimi na mtoto tuliokolewa na mama mmoja wa kabila lao aliyetuficha ghalani kwake. Tuliishi kambini, kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, mpaka serikali iliporudisha watu mashambani. Mmoja wa wale vijana nilimtambua. Nilimwona kwenye moshi, ameshika jerikeni. Leo ni mzee wa kanisa letu. Hununua mkate kwenye kibanda changu, huniambia "habari ya asubuhi, mama", na siku nyingine huniachia chenji. Sijawahi kumwambia neno.*

*Mchungaji ameandaa krusedi ya amani mwezi ujao. Anataka nije mbele nimkumbatie mtu huyo watu wote wakiona, maana yaliyopita si ndwele. Mimi nikifika pale pa kusamehe kwenye Sala ya Bwana, mdomo unagoma. Na kuna baya zaidi. Nikifagia chumba cha mwanangu nilikuta panga chini ya kitanda, jipya, limenolewa. Ana miaka 20, anaendesha bodaboda. Nilipomuuliza akasema, "Mama, 2027 sisi hatukimbii." Vijana wa mheshimiwa humpa mia tano kila mkutano. Nimemlea kanisani tangu utotoni. Nimekosea wapi?*

*Mama wa Kibanda*

Dada yangu, pole. Nitaanza na krusedi kwa kuwa ina tarehe. Usiende mbele.

Sisemi usisamehe. Nasema usisamehe jukwaani kwa mpangilio wa mtu mwingine. Mzee huyo akikumbatiwa mbele ya umati atarudi nyumbani ametakasika bila kufungua kinywa, nawe utarudi kibandani na jerikeni ile akilini. Zakayo hakuambiwa wokovu umeingia nyumbani mwake kabla hajasimama na kutaja atakachorudisha, tena mara nne kwa aliyemdhulumu. Mchungaji wako anaijua hadithi hiyo vizuri. Bila shaka amewahi kuihubiri wakati wa harambee. Mwombe aanze na mzee wake ofisini, mlango ukiwa umefungwa, ndipo aje kwako. Ndwele isiyogangwa haigeuki kuwa ya zamani kwa sababu kalenda imebadilishwa ukutani.

Asipokuelewa, mkumbushe kwamba makanisa yenyewe yalilazimika kutubu. Mwezi Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na ndiyo maana sauti yao haikusikika nchi ilipoanza kuwaka baada ya uchaguzi wa 2007. Waumini walikuwa wamesikia mimbarini yale yale waliyoyasikia kwenye mikutano ya kampeni. Kanisa lililokiri hivyo halipaswi kuwa na haraka na machozi ya mjane.

Na hiyo Sala ya Bwana, endelea kuisali. Mdomo ukigoma, nyamaza, wenzako wakimaliza muendelee pamoja. Zaburi zimejaa watu wanaomwomba Mungu awaangamize adui zao, na hakuna aliyewahi kuzing'oa kwenye Biblia. Mungu aliyezivumilia hizo atauvumilia ukimya wako.

Hasira yako ina msingi, na nisingependa mtu akufanye uione kuwa ugonjwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile. Kati yao 405 walikufa kwa risasi, na lawama ya risasi hizo ilielekezwa kwa polisi, yaani mkono wa serikali uliotakiwa kuwalinda. Siku ile ile uliyompoteza mumeo, kanisa la Kiambaa lilichomwa karibu na Eldoret likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi hiyo, jaji akiwalaumu polisi kwa uchunguzi hafifu. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Wewe mwenyewe unajua ni shilingi ngapi kati ya hizo zilizofika kibandani kwako.

Kwa hiyo kama siku moja utataka kuandikisha ulichokiona, una haki. Kosa la mauaji halifutwi na miaka. Kumpenda adui hakukuzuii kusema ukweli mbele ya hakimu. Mtu anaweza kumwombea mwenziwe na bado akatoa ushahidi dhidi yake. Nakueleza hili mapema ili ujue kwamba yote nitakayokushauri hapa chini utayafanya ukiwa na mlango huo wazi.

Sasa tuje kwa mzee wa mkate. Unasema hujawahi kumwambia neno, na nadhani ulifanya vyema kutojaribu peke yako. Eneo lenu lilikuwa na mtu aliyeielewa kazi ya kupatanisha kuliko wengi wetu: Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret, aliyefariki Oktoba 2017. Januari ile ya 2008 watu wapatao 10,000 walilala katika uwanja wa kanisa lake kuu la Moyo Mtakatifu. Alikuwa Mkalenjin, na wengi wa waliokimbilia kwake walikuwa wakiwakimbia watu wa kabila lake. Yawezekana mwafahamiana na waliolala pale.

Ninachompendea Korir ni kwamba hakuwa na haraka ya kukumbatianisha watu. Kazi hiyo aliianza miaka ya 1990 katika mapigano ya Wapokoti na Wamarakwet, na mwaka 2009 akaiandika kwenye kijitabu kiitwacho Amani Mashinani. Kwanza kila upande ulikaa peke yake. Watu walitoa uchungu wao wote mbele ya wenzao, pamoja na matusi na uongo waliokuwa wakiambiana, mpaka wakaanza kusahihishana wao kwa wao: hapana, hilo halikutokea hivyo, na sisi pia tulifanya hivi. Baadaye wachache wa upande huu walikutana na wachache wa upande ule. Mikutano ilirudiwa, mara nyingi ikiharibika na kuanza upya. Hatimaye ikaja kazi inayowafaa wote, kama josho la ng'ombe, barabara au shule. Ng'ombe wa Mkalenjin na ng'ombe wa Mkikuyu wana kupe wale wale, na josho likibomoka wote wanapata hasara. Mapenzi ya jirani kwa jirani yalikuwa yakijengwa kwenye ratiba ya josho, nani anachota maji Jumanne na nani analipia dawa.

Wewe basi usianze na yule mzee. Anza na wajane wenzako, wale mliokuwa nao uwanjani. Kaeni, semeni. Baada ya hapo, ukiwa na hakika kwamba unataka, mtafute mtu ambaye nyinyi wawili mnamheshimu, asiwe mchungaji wenu wala mwanasiasa, amwendee mzee huyo na ujumbe mmoja: mama wa kibanda alikuona, na angependa kukusikia. Huenda akakana. Huenda hata akahama kanisa. Lakini mtu anayeacha chenji kila mara kwenye kibanda kimoja, dada, nahisi amekuwa akitafuta pa kuanzia kwa muda mrefu. Chenji si toba. Akikuachia tena, mrudishie.

Nimefika kwa mwanao, na hapa sitakubembeleza.

Kwenye barua yako halisi, watu wa kabila la mzee yule uliwaita kwa jina la matusi mara kadhaa. Nimelifuta kabla ya kuichapisha. Kijana wako hana mhariri wa kumfutia. Amelisikia mezani tangu akiwa na miaka miwili. Nyinyi mliitwa madoadoa kabla ya kura ya 2007, na unakumbuka wazi neno lile lilivyowarahisishia watu kubeba jerikeni. Umeuliza umekosea wapi. Dini ulimfundisha vizuri, ila ilikaa kanisani, na nyumbani ikabaki lugha ile ile.

Kuna jambo la pili. Yule mama wa ghala umemtaja kwa sentensi moja tu. Mwenye jerikeni amepata sentensi kadhaa. Ningeapa kwamba hata kwa mwanao hadithi husimuliwa hivyo kila mwaka mpya unapofika: moto, lango, sura ya muuaji, halafu kimya. Je, anajua mama yule alikuwa na wanawe nje kwenye kundi lile lile? Anajua kama walikuja kumpekua? Alisema nini mlangoni? Kama alikufunikeni kwa magunia, vumbi la mahindi linapandisha kikohozi, na mtoto wa miaka miwili hajui kunyamaza, ulimzibaje mdomo? Kijana wa miaka 20 akiambiwa kwamba uhai wake uliwahi kukaa mikononi mwa mwanamke wa upande ule, na mwanamke yule akaushika mpaka asubuhi, atapata shida kuuamini ule usemi wa "wao" na "sisi" anaolipiwa mia tano.

Hadithi ya mama ina nguvu hiyo. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir aliwahi kueleza alivyoingia katika kazi ya amani. Usiku mmoja wa mwaka 1993 risasi zilipita nje ya chumba chake, akajificha chini ya kitanda na mtoto wake wa kwanza. Kulipokucha mama yake akakumbuka kwamba miaka ya sitini yeye naye alikuwa amemkumbatia Dekha vivyo hivyo chini ya kitanda. Dekha na wanawake wenzake wa Wajir waliamua isifike zamu ya mjukuu. Walianzia sokoni, kwa kuhakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa, kisha wakawafuata wazee, vijana na wakuu wa serikali. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood. Muda mfupi baadaye nchi ilipowaka alikuwa Nairobi, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Opande na Sumbeiywo, wakikusanya watu kila siku kutafuta namna ya kuzima moto.

Panga lenyewe usilitupe wala usilifiche. Atanunua jingine. Mwambie alitoe mwenyewe na kuliweka ghalani pamoja na majembe, kisha umpe kazi ya kulifanyia, ua la nyuma au nyasi za ng'ombe. Usimwite muuaji. Ana hofu, na hofu yake aliirithi kwako, wala si ya kijinga, kwa sababu baba yake alikufa akiwa mikono mitupu. Mjibu hofu hiyo kwa mambo yanayoshikika: mtakimbilia wapi kukiharibika, nani wa kupigiwa simu, chifu gani anaaminika, jirani gani wa upande ule ana namba yenu nanyi mna yake. Kijiji ambacho watu wa pande mbili wana namba za simu za wenzao hujua uvumi ni uvumi kabla jua halijazama. Akisikia mpango wa kuvamia watu, uwe wa upande wao au wenu, alete taarifa kwako, nawe uifikishe kwa chifu huyo.

Na kuhusu mheshimiwa wa mia tano, naomba umsomee kijana aya hii. Mwaka 2007 William Ruto alikuwa upande wa Raila Odinga, Uhuru Kenyatta upande wa Mwai Kibaki, na baba yako akafa katikati yao. Mwaka 2013 Uhuru na Ruto waligombea kwa tiketi moja wakashinda. Kesi zao huko The Hague ziliporomoka, ya Uhuru mwisho wa 2014, ya Ruto mwaka 2016. Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mkono kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Machi 2025 Ruto na Raila walitia sahihi mkataba wa kufanya kazi pamoja. Wakubwa wamesameheana mara nyingi kuliko mimi ninavyoweza kuhesabu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwenye kibanda cha mama yako. Kura ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Nenda upige, urudi nyumbani.

Dada, kabla ya hayo yote, chukua kilo mbili za sukari na paketi ya majani chai kutoka kibandani, umpakie mwanao kwenye pikipiki yake mwenyewe, mwende kwa mama wa ghala kama yungali hai. Kama ameaga dunia, nendeni kwa watoto wake. Mwache kijana akae nje na vijana wa boma lile huku nyinyi mkiongea. Ukirudi, niandikie aliyosema.