FUNDISHO: Kuchagua kondansateri ya kubadilisha kwenye redio ya zamani



Katika koperative nyingi tunazotembelea tunakuta redio moja ya zamani juu ya kabati la depo. Zamani ilisaidia watu wote: bei ya maharagi, matangazo ya mbegu, habari za barabara iliyokatika na mvua. Siku moja ikaanza kunguruma, sauti ikapungua, na leo imejaa vumbi. Mara nyingi redio kama hiyo haijafa. Kilichochoka ni kitu kidogo ndani yake: kondansateri, ambayo wengine wanaiita kapasita.

Hatutaki kila memba awe fundi. Tunataka yule anayetumwa mjini na pesa ya kese ajue kununua nini, na komite ijue kumuuliza fundi maswali.

Kondansateri inafanya kazi gani?

Tuchukue mfano wa tangi la maji kwenye bustani. Maji ya bomba yanakuja kwa kusukumana, lakini tangi linayapokea na kuyatoa polepole, sawasawa. Kondansateri inafanya vile kwa umeme. Ukubwa wa tangi ndiyo mikrofaradi, inayoandikwa µF. Kwenye redio za zamani unaweza kukuta MFD, ni kitu kimoja. Nguvu ya ukuta wa tangi ndiyo volti, inayoandikwa V.

Ile inayochoka haraka ni ya mviringo kama kopo dogo, yenye maji ya dawa ndani. Mafundi wanaiita shimiki. Miaka ikipita, na joto likiwa mingi, ile dawa inakauka.

Dalili

- Redio inanguruma ikiwa kwenye adapta ya umeme, lakini kwa mabuye (pile) inasikika vizuri.
- Sauti ni ndogo hata ukifungua mpaka mwisho.
- Mabuye yakianza kuisha, redio inapiga «put-put-put» kama mashini ya kusaga.
- Ndani, kichwa cha kondansateri kimevimba, ao kuna uchafu wa dawa iliyovuja kwenye plaketi.

Lakini kwanza badilisha mabuye, na safisha vyuma vinavyoyashika. Kutu peke yake inaweza kunyamazisha redio.

Maswali manne mbele ya kununua

1. *Mikrofaradi ngapi?* Tafuta namba ileile ao ya karibu sana. Namba za zamani hazipatikani tena kwenye maduka: pahali pa 8 tunaweka 10, pahali pa 50 tunaweka 47, pahali pa 250 tunaweka 220, pahali pa 500 tunaweka 470. Tofauti hiyo haina shida kwa shimiki.

2. *Volti ngapi?* Sawa ao zaidi, kamwe si chini. Ukuta mwembamba unapasuka.

3. *Upande gani?* Shimiki ina + na −. Kwenye nyingi za leo, mstari wenye alama ya − unaonyesha upande wa −. Ukigeuza, inapata joto, inavimba, hata kupasuka. Na hapa fundi kijana anaweza kudanganyika: katika redio nyingi za kwanza za transista, upande wa + ndio ulioungwa na bati la chini, kinyume cha redio za leo. Kwa hiyo chora upande wa ile ya zamani kwenye karatasi mbele ya kuitoa.

4. *Joto na nafasi?* Zinaandikwa 85 °C ao 105 °C. Ukipata ya 105, chukua hiyo, inavumilia zaidi. Pima pia urefu na unene, isije ikazuia kifuniko kufunga.

Mfano

Redio inatumia mabuye manne ya volti 1,5, maana yake volti 6. Fundi amekuta shimiki imevuja, imeandikwa 250 µF, 10 V. Kwenye soko tunapewa tatu:

- 250 µF, 6,3 V, iliyotolewa kwenye mashini nyingine;
- 220 µF, 16 V, mpya;
- 1000 µF, 16 V, mpya.

Ya kwanza inavutia, kwa sababu µF ni zilezile. Tuikatae. Buye jipya linaweza kutoa volti 1,6, na manne yanafika 6,4: tayari yamepita ukuta. Tena, imekwisha kutumika, hatujui maisha yake. Ya tatu inaweza kukosa nafasi, na wakati wa kuwasha inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Kubwa zaidi haimaanishi nzuri zaidi. Tunanunua ya pili.

Usiguse zote

Vile vidonge bapa vya udongo, vyenye namba kama 103 ao 104, havina + wala −, na kwa kawaida bado vizima. Vile vilivyo karibu na kitufe cha kutafuta stasio vinahitaji kipimo kilekile kabisa; ukiviharibu, stasio zinahama pahali pake. Badilisha kile kilichokufa, kimoja kimoja, na jaribu redio kila mara. Hivi ukikosea, unajua ni wapi.

Hatari mbili

Kwanza, redio za taa, zile kubwa za mbao zinazotumia umeme wa nyumbani. Ndani yake kuna volti 250 na zaidi, na kondansateri zake zinaweza kushika umeme hata kisha kuchomoa waya. Mtu anaweza kufa. Memba asifungue, apeleke kwa fundi anayezijua.

Pili, jua. Watu wengine wanaunga panneau ya «volti 12» moja kwa moja kwenye redio ya volti 6. Kwenye jua kali, panneau hiyo inaweza kutoa karibu volti 20. Kondansateri ya 10 V haiwezi kuvumilia. Ukibadilisha kondansateri bila kuondoa sababu hii, baada ya siku chache utarudi sokoni. Weka kati yake kifaa cha kushusha umeme mpaka volti za redio yenu.

Kazi ya kufanya pamoja

Kwenye mkutano ujao, leteni redio ya koperative. Andikeni kwenye daftari: inatumia volti ngapi, umeme unatoka wapi, dalili ni gani. Fundi akiifungua, aonyeshe komite ile kondansateri mbovu, na namba zake ziandikwe: µF, V, upande wa −. Anayeenda sokoni aende na karatasi hiyo pamoja na kondansateri ya zamani mkononi. Vile tunavyokagua mbegu mbele ya kulipa, tukague na hii.