Somo la Afya: Vichocheo vya Ukuaji na Saratani ya Damu



Kamati zinazosaidia wagonjwa wa saratani ya damu hukutana na jambo la kushangaza: mmoja anapewa sindano ya kuongeza chembe nyeupe za damu, mwingine anapewa kidonge cha kuzipunguza. Somo la robo hii linaeleza sababu.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho hupokea amri kutoka kwa protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Oksijeni ikipungua mwilini, figo hutoa kichocheo cha kuongeza chembe nyekundu. Kingine, G-CSF, huongeza chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Haja ikiisha, amri hupungua.

Katika aina moja ya saratani ya damu, iitwayo CML, mambo huenda kinyume. Hitilafu ya kromosomu, iliyogunduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1960, huzaa protini inayoamuru chembe nyeupe ziongezeke hata pasipo kichocheo. Ni kama bomba lisilofungika. Kidonge cha imatinibu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia protini hiyo. Humezwa kila siku, kwa kawaida kwa miaka mingi.

Sindano ni kwa hali nyingine. Dawa kali za saratani huua pia chembe nyeupe nzuri, na mgonjwa hubaki bila kinga. Filgrastimu, yaani G-CSF iliyotengenezwa maabara, husaidia uboho kuzirudisha mapema. Yenyewe haiponyi saratani.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mbili katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Hata hivyo, dawa iliyoko hospitali ya mbali haimfai mgonjwa asiye na nauli. Hapo ndipo mchango wenu unapookoa maisha.

Tunaziomba kamati zizingatie haya:

1. Mgonjwa anayetumia dawa kali akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.
2. Anayetumia imatinibu asiache kwa kuwa amepata nafuu. Uamuzi huo ni wa daktari.
3. Nauli ya kliniki ipangwe kabla ya tarehe kufika.

Maswali ya kujadili:

- Katika jumuiya zetu, nani anatumia dawa za saratani, na nani humkumbusha?
- Homa ikimpata usiku, gari litatoka wapi?