Nta Hutoka, Shaba Hubaki

Huko mjini Benin, Nigeria, mafundi husubu sanamu za shaba hivi:

1. Finyanga umbo kwa nta ya nyuki.
2. Lifunike kwa udongo laini, kisha mzito. Acha tundu.
3. Anika, halafu choma. Nta huyeyuka ikatoka, nafasi ikabaki.
4. Mimina shaba iliyoyeyushwa. Ikipoa, vunja udongo.

Viwandani pia, mapanga ya ndani ya injini za ndege hupatikana kwa njia hii, ila kalibu huwa ya kauri.

Angalieni sana: udongo ukiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke ghafla na shaba ya moto humrukia fundi. Haraka hapa huunguza mtu.

Jadilianeni: Kwa nini fundi hukawia kwenye nta? Kosa la nta hurekebishwa kwa kidole. La shaba ni kazi ya tupa na jasho.