Robo Kilo Hiyo Unailipia Nini?

Nimebeba laptopu mgongoni kwa miaka mingi, Mbagala hadi Posta na kurudi, kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba uzito si kitu. Ukisimama kwenye daladala saa nzima, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umelinda begi, kila gramu utaijua. Lakini nimeona pia watu wakinunua mashine nyembamba kwa jinsi ilivyokaa mkononi pale dukani, na miezi sita baadaye wanatafuta wa kumuuzia. Ili laptopu iwe nyembamba kuna vitu vimeondolewa. Kabla hujatoa pesa, jua ni vipi, na kama kazi yako inavihitaji.

Chukua ThinkPad mbili za mwaka 2018, zinazopatikana kwa wingi kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika: T480 na T480s. Kampuni ni moja, zote zina kioo cha inchi 14, na nyingi zina prosesa za kizazi cha nane, ambazo Windows 11 inazikubali. T480 inaanzia kilo 1.58, T480s kilo 1.32. Tofauti ni robo kilo na ushee. Sasa tazama kilichoondoka na robo kilo hiyo. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nyuma, na ile ya nyuma unaweza kuichomoa ukapachika nyingine mashine ikiwa inawaka. T480s ina moja tu, imefungiwa ndani. T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s ina moja, na RAM nyingine imechomelewa kwenye madabodi. Kama wewe ni mkaguzi unayeshinda vijijini au mahali umeme unakatika tangu asubuhi, betri ya akiba kwenye begi ni siku nzima ya kazi. Kama unashinda ofisi yenye jenereta, betri hiyo ni mzigo wa bure, na T480s inakutosha kabisa.

Hapo kwenye RAM ndipo ninapowasihi watu wasimame. Betri ikichoka, fundi ataibadilisha, hata ile ya ndani, ingawa itabidi afungue mgongo wa mashine. Diski ikijaa, mara nyingi inabadilishika, na kama haibadilishiki utaongeza ya nje. RAM iliyochomelewa ni uamuzi wa siku moja unaoishi nao mpaka mwisho. MacBook Air ya M1, iliyotoka 2020, ni mashine nzuri mno ya kilo 1.29, lakini ukiinunua na GB 8 itabaki na GB 8, kwa sababu RAM imefungwa pamoja na chipu yenyewe. Ushauri wangu kwa mtu wa kazi: mashine ambayo RAM yake haiongezeki, usiichukue chini ya GB 16, hata kama itakubidi ushuke toleo la mwaka mmoja au miwili nyuma ili bei ikae sawa. Uwe na Excel kubwa, kivinjari chenye kurasa ishirini na kikao cha video kwa wakati mmoja, utanielewa. Na swali la RAM mpelekee fundi unayemwamini, ukiwa na namba kamili ya modeli, kabla hujamuuliza muuzaji.

Halafu pima begi zima badala ya laptopu peke yake. Laptopu nyingi nyembamba zina matundu ya USB-C mawili matatu tu, hivyo utabeba adapta ya HDMI, ya flashi na ya waya wa intaneti. Niliwahi kufika kwenye semina Morogoro na mashine nyepesi kama daftari, nikakuta projekta ya ukumbi ni ya VGA. Watu arobaini walinisubiri hadi tukaazima kompyuta ya mhasibu wa pale. Tangu siku hiyo adapta ya VGA haitoki begini. Jihadhari pia na jambo moja: matundu ya USB-C yanafanana kwa sura lakini hayafanyi kazi moja. Mengine hayatoi picha, mengine hayapokei chaji. Nenda dukani na waya na adapta zako, uchomeke ujaribu. Tundu likipokea chaji, hiyo ni faida kubwa, kwa sababu pawabanki yenye nguvu ya kutosha itakuokoa umeme ukikatika.

Joto ni suala la pili kwa uzito, hasa pwani. Mashine nyembamba ina nafasi ndogo ya kupitisha hewa, na MacBook Air ya M1 haina feni kabisa. Ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe. Kwa kuandika, barua pepe na mahesabu ya kawaida hutaona tofauti. Kwa kuhariri video au kuchora ramani za majengo saa nzima mfululizo, utaona. Mwenye kazi hizo avumilie uzito, atafute prosesa yenye herufi H mwisho wa jina badala ya U, na feni za kweli.

Kuhusu betri, usitegemee saa zilizoandikwa kwenye boksi. Tafuta namba inayofuatwa na herufi Wh. Betri ya Wh 50 kwenye mashine inayokula wati 10 itakupa saa tano, na kikao cha video kinakula zaidi ya kuandika. Kwa mashine ya Windows iliyotumika, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake ikijaa leo. Ikiwa ilikuwa 50,000 na leo ni 30,000, imepoteza asilimia 40, na gharama ya betri mpya inapaswa kutoka kwenye bei unayoambiwa.

Jaribio hilo linachukua dakika mbili. Muuzaji akikukatalia, rudisha mashine juu ya meza, mshukuru, nenda duka linalofuata.