Mwanga wa Kuchomelea: Tulinde Macho na Ngozi

Vikundi vingi vya vijana vimenunua mashine ya kuchomelea vyuma, na kazi ya milango na madirisha ina wateja. Lakini tunaona mafundi wakichomelea na miwani ya jua tu, ile ya sokoni. Hiyo haitoshi hata kidogo.

Moto ule wa umeme hutoa mionzi isiyoonekana, ya aina inayotoka kwa jua, ila hapa iko karibu sana. Inachoma utando wa mbele wa jicho, na ngozi iliyo wazi huungua na kubambuka. Ubaya ni kwamba fundi hasikii kitu wakati huo. Masaa sita au zaidi yakishapita, usiku, anaamka akidhani ametiwa mchanga machoni. Machozi yanamtoka, taa hataki kuiona. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Asisugue, wala asitiwe maziwa au viazi. Aende kliniki. Na matone ya kutia ganzi yasitumiwe nyumbani, yanachelewesha kupona.

Tununue kinga ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11 kabla ya kununua vyuma vingine. Shati liwe la pamba nzito, mikono mirefu, shingo imefunikwa. Nailoni huyeyuka ikashika ngozi. Na watoto wanaosimama kutazama je? Mionzi huwafikia hata wao, tena mabati yanayong'aa huirudisha. Tuangike turubai zito.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Mafundi wetu ni wangapi, na kinga ni ngapi? Turubai litaangikwa upande gani?