Jeraha la Vita: Medali Huombwa, Fidia Hudaiwa

Mzee mmoja wa Port Bell, askari mstaafu, ameleta swali. Vitani alipigwa risasi mguuni, akapona lakini anachechemea hadi leo. Wenzake waliitwa kwenye sherehe za siku ya jeshi, Tarehe Sita, wakavishwa medali, yeye hakuitwa. Anauliza kama ana haki ya kuidai medali yake, na kama mahakama inaweza kuamuru avishwe.

Mzee wangu, tuanze na sheria yenyewe. Medali za Uganda zinatolewa chini ya Sheria ya Nishani na Tuzo za Taifa ya mwaka 2001. Anayezitoa ni Rais, na majina huchambuliwa kwanza na Kamati ya Rais ya Tuzo. Kila medali ina masharti yake. Ile ya Kagera ni ya waliopigana kumwondoa Idi Amin hadi 1979. Ya Luwero ni ya waliopigana vita vya msituni vya 1981 hadi 1986. Nalubaale hupewa raia waliochangia mapambano hayo bila kuvaa gwanda, na ndiyo maana tumeona bibi waliowapikia na kuwaficha wapiganaji wakisimama mstari mmoja na majenerali kuvishwa.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Sinema za Marekani zimetuzoesha kuamini kwamba risasi ikikupata, medali inakufuata. Kwa Wamarekani ni kweli: nishani yao ya Purple Heart, iliyofufuliwa mwaka 1932, hupewa mwanajeshi aliyejeruhiwa au kuuawa na adui, na akitimiza masharti ni stahili yake bila kungoja mkubwa amsifu. Medali za Kagera na Luwero hazikujengwa hivyo. Kinachotazamwa ni kama ulikuwepo, katika vita gani, na kwa miaka gani. Kwa hiyo barua inayosema tu “nilipigwa risasi, nipeni medali” haina nguvu. Barua yenye nguvu inataja jina la medali, kikosi chako, namba yako ya jeshi (ile inayoanza na RA, au RO kwa maofisa), makamanda waliokuongoza na mapigano uliyoshiriki. Kovu la mguuni linaingia hapo kama ushahidi kwamba kweli ulikuwepo.

Kwa waliopigana msituni, karatasi ni chache. Hapakuwa na karani wa kuandika nani amejeruhiwa wapi. Wenzako walio hai ndio kumbukumbu yako, basi tafuta wawili au watatu waliokuwa nawe, wale viapo mbele ya kamishna wa viapo, na maelezo yao yaambatane na barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) na nakala ya kitambulisho cha taifa. Fanya hivyo mapema, wazee hao hawarudi ujanani.

Mahakama je? Haiwezi kukaa kwenye kiti cha Rais ikachagua nani avishwe. Lakini huko si kusema huna haki yoyote. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila anayefika mbele ya ofisi ya serikali haki ya kutendewa kwa uadilifu, na kwenda mahakamani asiporidhika na uamuzi. Ukikataliwa kwa upendeleo, au bila kusikilizwa, unaweza kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi huo. Muda wake ni mfupi: miezi mitatu tangu jambo lilipotokea. Mara nyingi amri utakayopata ni kwamba maombi yako yatazamwe upya, kwa haki. Kwa maoni yangu, kwa ajili ya medali peke yake, kesi hiyo itakugharimu kuliko itakavyokupa.

Na hapa ndipo ninapotaka kugeuza swali la mzee. Mguu huo una deni kubwa kuliko medali. Medali ni shukrani ya nchi, nayo huombwa. Fidia ya ulemavu na pensheni ni malipo, nayo hudaiwa. Nimeona wazee wakihangaikia kuvishwa huku faili lao la fidia halijafunguliwa kabisa.

Aliyeumia akiwa kazini jeshini anastahili kupimwa na jopo la madaktari wa jeshi, ambalo huandika kiwango cha ulemavu wake. Karatasi hiyo ndiyo mama wa faili lote. Kama ulitibiwa hospitali ya jeshi ya Bombo au ulipitia kituo cha majeruhi cha Mubende, kumbukumbu zako zitafutwe huko kwanza. Waliojeruhiwa Somalia, ambako jeshi letu liliingia Machi 2007 chini ya AMISOM ya Umoja wa Afrika, wana fungu la pili: Umoja wa Afrika hulipa fidia ya kifo na ya ulemavu, na fedha hupitia kwa serikali yetu kabla ya kumfikia askari au familia yake. Kiwango cha ulemavu kilichoandikwa na madaktari ndicho kinachoamua unalipwa kiasi gani, kwa hiyo usitie saini karatasi ya jopo kabla hujaisoma, au hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

Ofisi ya kuanzia iko karibu nawe. Wizara ya Ulinzi na Mambo ya Wakongwe wa Vita ipo Mbuya, na kutoka Port Bell unapanda tu barabara hiyo ya Luzira na Kitintale. Peleka barua yako mwenyewe, uwe na nakala mbili, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo una thamani kuliko ahadi ya afande yeyote.

Wakikuambia faili halionekani, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Unaandika ombi kwa ofisa habari wa wizara ukitaka nakala ya kumbukumbu zako mwenyewe, za utumishi na za matibabu. Ana siku 21 za kukujibu. Akinyamaza, sheria inahesabu kwamba amekataa, na unaweza kumlalamikia kwa hakimu mkuu. Kwa watu wa Port Bell mahakama ya karibu ni ya Nakawa. Kama tatizo ni ucheleweshaji au mtu anadai chai, nenda kwa Inspekta Mkuu wa Serikali. Kama ni kunyimwa haki, ipo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Kwa Inspekta na kwa Tume, kupeleka lalamiko hakulipiwi.

Madalali nao wapo. Atakuja kijana mwenye fomu na orodha, akuambie jina lako limepita, lete pesa kidogo ya kulisukuma, iwe ni medali, pensheni au akasiimo, yaani malipo ya shukrani kwa wakongwe raia. Usimpe hata shilingi, na usimwachie kitambulisho wala hati halisi ya kuachishwa jeshi.

Kuna kundi jingine ambalo swali hili linalihusu moja kwa moja: Waganda waliokwenda Iraq na Afghanistan kulinda kambi za Wamarekani wakiwa wameajiriwa na makampuni binafsi. Baadhi yao walirudi na vipande vya mabomu mwilini. Purple Heart si yao, maana hiyo ni ya wanajeshi. Ila wana kitu ambacho wengi hawakuambiwa waliposaini mkataba. Sheria ya Marekani ya mwaka 1941, Defense Base Act, inamlazimu mwajiri wa namna hiyo kuwa na bima ya wafanyakazi wake wote, wa taifa lolote. Anayejeruhiwa hutibiwa kwa gharama ya bima, na asipoweza kufanya kazi kabisa hulipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake wa wiki. Taarifa ya jeraha itolewe ndani ya siku 30, na madai yafunguliwe ndani ya mwaka mmoja kwenye Wizara ya Kazi ya Marekani, kwa fomu LS-203. Mwaka huo unaweza kuhesabiwa tangu malipo ya mwisho ya bima, au tangu ulipotambua kwamba kuumia kwako kumetokana na kazi ile, kwa hiyo usijihukumu mwenyewe kwamba umechelewa. Na wakili wa madai hayo haruhusiwi kupokea ada kutoka kwako bila kuidhinishwa na wizara hiyo. Anayekutoza kisirisiri anavunja sheria ya Marekani.

Wajukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, nao wasikate tamaa. Uingereza haikuwa na medali ya jeraha katika Vita Kuu ya Pili; aliyejeruhiwa alivaa mstari mdogo kwenye mkono wa kushoto wa sare, basi. Lakini medali za utumishi, kama Burma Star kwa waliopigana Burma, hazikuwafikia wengi, na ofisi ya medali ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza bado hupokea maombi ya ndugu wa karibu. Mnachohitaji ni jina kamili, namba ya askari, kikosi, na uthibitisho wa undugu.

Askari akishafariki, madai yake ya pesa hayafi naye. Mjane au watoto waulizie kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi kama wanahitaji cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha waende mahakamani kuomba barua za usimamizi. Bila barua hizo Mbuya hawatazungumza nanyi kuhusu malipo.

Mzee wa Port Bell, andika barua mbili, zisichanganywe: ya medali na ya fidia. Ya fidia ipeleke kwanza.