Arbuni kwa Hoteli ya Ng'ambo Isiyopokea Kadi

Somo hili linamhusu msafiri anayetakiwa kutuma fedha kwa hoteli au nyumba ya wageni iliyo nchi ya nje, ambayo haipokei kadi ya benki na hutaka kulipwa fedha taslimu. Tumechagua mfano wa India, na hasa jiji la Chennai, kwa sababu familia nyingi za Afrika Mashariki huwapeleka wagonjwa wao huko kwa upasuaji wa moyo, matibabu ya saratani na upandikizaji wa figo. Mgonjwa hulazwa hospitalini. Anayemuuguza hutafuta chumba cha karibu, naye huenda akakaa majuma kadhaa. Fedha anazozibeba mara nyingi si zake peke yake, bali ni mchango wa ukoo, majirani, na waumini wa msikiti au kanisa. Zikipotea njiani, matibabu yenyewe huingia mashakani.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kuipima hoteli kabla ya kuiamini, kuchagua njia ya kutuma fedha inayoacha ushahidi, na kukadiria kiasi cha arbuni kisichoweza kumvunja mgongo.

1. Kwa nini hoteli halali hudai taslimu

Kudai fedha taslimu si ushahidi wa utapeli. Nyumba ndogo za wageni hukwepa mashine za kadi kwa kuwa kila malipo ya kadi hukatwa ada. Zaidi ya hayo, India ina mfumo wake wa malipo kwa simu, uitwao UPI, ulioanza kutumika mwaka 2016. Mwenyeji hulipa kwa mfumo huo hata kikombe cha chai kibandani. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko hana njia rahisi ya kuutumia. Kwake yeye, nyumba hiyo ni ya taslimu tu.

Hata hivyo, fedha taslimu haziwezi kuvuka bahari zenyewe. Nyumba isiyopokea kadi, inapodai arbuni kutoka kwa mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa, hulazimika kutaja njia nyingine ya kuipokea. Hapo ndipo mtumiaji anapopaswa kuwa macho, kwa maana hatari haimo katika taslimu atakayoilipa mapokezini huku akikiona chumba. Imo katika fedha atakazozituma kabla ya kukiona.

2. Fahamu unachoombwa

Maneno matatu huchanganywa sana. Arbuni ni fedha ya kuthibitisha nia, na asipofika mgeni huweza kuipoteza. Malipo ya awali ni sehemu ya bei, ambayo hupunguzwa katika hesabu ya mwisho. Dhamana ni fedha inayowekwa kwa ajili ya uharibifu, nayo hurudishwa mgeni anapoondoka iwapo hakuharibu kitu. Kabla ya kutuma chochote, mwulize mwenye nyumba ni ipi kati ya hizo tatu, na umtake ajibu kwa maandishi. Asiyeeleza leo fedha yako ni ya nini, hataeleza kesho kwa nini hairudi.

3. Njia za kutuma na nguvu ya kila moja

Njia ya kwanza ni kadi kupitia tovuti ya kuhifadhi vyumba. Hoteli yenyewe yaweza kuwa haina mashine ya kadi, lakini ikawa imeorodheshwa katika tovuti inayopokea malipo kwa niaba yake, au inayomruhusu mgeni kulipa afikapo. Mlipaji wa kadi ana haki ya kuiomba benki yake ipinge malipo endapo huduma haikutolewa, mradi afanye hivyo mapema na awe na ushahidi. Asiye na kadi ya kawaida aulizie kadi pepe, ambayo baadhi ya huduma za pesa kwa simu hutoa.

Njia ya pili ni kutuma kutoka benki hadi benki. Njia hii huacha kumbukumbu kamili ya mtumaji, mpokeaji, tarehe na sababu. Udhaifu wake ni kwamba fedha zikishaingia katika akaunti ya mpokeaji, kwa kawaida benki haiwezi kuzirudisha bila ridhaa yake. Kwa hiyo jina la akaunti liwe jina la biashara ile ile iliyo katika ankara, wala lisiwe la mtu binafsi aitwaye meneja au binamu wa meneja. Ulizeni pia nani atabeba ada za benki za njiani. Wengi hufika na kuambiwa kwamba arbuni ilipungua, nao hutakiwa kujazia.

Njia ya tatu ni kampuni za kutuma fedha, ambako mpokeaji huchukua fedha dirishani kwa kuonyesha kitambulisho na namba ya muamala. Hii ndiyo njia inayopendwa na matapeli, kwa sababu fedha zikishachukuliwa hazifuatiliki kwa urahisi. Kwa India kuna jambo la ziada. Utaratibu wa Benki Kuu ya nchi hiyo unaoruhusu huduma hizi umewekwa kwa ajili ya fedha za binafsi, kama matunzo ya familia, wenye ukomo wa dola 2,500 kwa muamala mmoja. Haukuwekwa kwa ajili ya malipo ya kibiashara. Mwenye nyumba anapokwambia, "Andika kwamba unamtumia jamaa yako," anakutaka useme uongo katika hati ambayo ndiyo ingekuwa ushahidi wako. Fedha zikipotea, karatasi yako itasema ulimpa jamaa zawadi. Ushauri wetu ni kutoitumia njia hii kulipia hoteli.

Njia ya nne ni kutotuma kitu. Hospitali nyingi kubwa za Chennai zina dawati la wagonjwa wa kimataifa, ambalo huweza kukuombea chumba katika nyumba zinazofahamika. Nyumba nyingine hukubali kukihifadhi chumba bila arbuni, ukitoa nakala ya tiketi ya ndege na barua ya hospitali. Uliza kwanza, wengi hutuma fedha kwa sababu hawakujua kwamba wangeweza kukataa.

4. Kuihakiki nyumba

Swali la kwanza ni hili: "Je, mnapokea wageni wa nje, na mnawasilisha taarifa zao kwa mamlaka ya uhamiaji?" Sheria ya India humtaka kila mwenye nyumba ya wageni atoe taarifa ya mgeni wa nje ndani ya saa 24 tangu afike, kwa fomu ambayo wenyeji wamezoea kuiita Fomu C. Nyumba isiyofanya hivyo itakukatalia mlangoni hata kama umetuma arbuni, au itakuweka katika matatizo na polisi. Nyumba halali hujibu swali hili bila kusita.

La pili ni namba ya usajili wa kodi ya bidhaa na huduma. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 15, na mtu yeyote aweza kuitafuta katika tovuti ya serikali ya kodi hiyo ili aone jina la biashara lililosajiliwa. Biashara ndogo sana hazilazimiki kusajiliwa, hivyo kukosa namba si kosa. Lakini ukipewa namba yenye jina la biashara nyingine, acha hapo hapo.

La tatu ni sauti ya mtu. Usitosheke na ujumbe wa WhatsApp na picha za vyumba, picha huibwa. Piga namba ya simu uliyoipata mahali pengine, si ile uliyotumiwa na anayedai fedha. Ukiwa na jamaa au mwanafunzi wa kwetu katika jiji hilo, mwombe apite akione chumba. Nusu saa ya mtu mmoja yaweza kuokoa mchango wa watu hamsini.

5. Kiasi gani kinatosha

Tuchukue hesabu ya mfano. Chumba ni rupia 1,500 kwa usiku, nawe utakaa siku 30. Jumla ni rupia 45,000. Mwenye nyumba anataka nusu, yaani rupia 22,500. Ukikubali na chumba kisiwepo, umepoteza gharama ya siku 15. Ukitoa arbuni ya usiku mmoja, umepoteza rupia 1,500, na bado una uwezo wa kutafuta pengine usiku ule ule.

Kanuni yetu ni nyepesi: arbuni isizidi kile unachoweza kukipoteza bila kubadili safari. Kwa makazi ya muda mrefu, usiku mmoja au mbili zatosha. Wapo watakaosema kwamba ada ya benki ya kutuma kiasi kidogo huweza kuzidi kiasi chenyewe, hivyo ni afadhali kutuma kikubwa kwa mara moja. Hesabu hiyo si sahihi. Ada ni hasara unayoijua na yenye kikomo. Arbuni kubwa ni hasara usiyoijua. Ada ikikuelemea, rudi katika njia ya nne, usiongeze arbuni.

6. Maandishi kabla ya fedha

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Omba barua pepe au ankara yenye mambo haya: jina na anwani kamili ya nyumba, tarehe za kuingia na kutoka, idadi ya wageni, bei ya usiku pamoja na kodi, kiasi cha arbuni na kwamba itapunguzwa katika bei, siku ya mwisho ya kughairi bila kupoteza, na jambo litakalofanyika iwapo viza itachelewa au daktari atabadili tarehe ya upasuaji. Hili la mwisho husahauliwa, ilhali ndilo hutokea mara nyingi kwa wagonjwa.

7. Siku ya kufika

Kione chumba kwanza, kisha lipa. Lipa kwa juma, usilipe kwa mwezi mzima, kwa kuwa mgonjwa huweza kuruhusiwa mapema. Kila ulipapo dai stakabadhi yenye tarehe, kiasi na mhuri, nayo ya kwanza ionyeshe kwamba arbuni imehesabiwa.

Usibebe fedha zote mkononi kwa sababu tu hoteli hutaka taslimu. Mgeni anayeingia India akiwa na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au fedha za kigeni za aina zote zinazozidi dola 10,000, hutakiwa kuzitolea tamko forodhani. Aidha, tangu Aprili 2017 sheria ya kodi ya India imekataza mtu kupokea taslimu ya rupia 200,000 au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja au kwa shughuli moja. Hivyo gharama za hospitali zipitie benki. Badilisha kidogo kidogo katika maduka yenye leseni, ukitunza risiti. Iarifu benki yako kabla ya safari ili kadi yako isifungwe unapotoa fedha kwenye mashine ya huko.

8. Mambo yakiharibika

Ukigundua udanganyifu, wasiliana na benki yako siku hiyo hiyo. Muamala ambao haujakamilika huweza kusimamishwa. Tunza ujumbe wote, usifute hata ule wa matusi. Ukiwa India, piga 1915, namba ya taifa ya kuwasaidia watumiaji, na utoe taarifa polisi. Ukiwa nyumbani, toa taarifa polisi na kwetu. Lakini tuseme ukweli: mkono wa sheria yetu haufiki ng'ambo kwa urahisi, na fedha kidogo iliyopotea kule huweza kugharimu zaidi kuifuatilia. Ndiyo maana somo hili limetumia kurasa nyingi kwa yanayofanyika kabla ya kutuma.

Maswali ya kujipima

1. Fedha ninayoombwa ni arbuni, malipo ya awali au dhamana?
2. Jina la akaunti ni lile lile la nyumba iliyo katika ankara?
3. Je, nyumba imethibitisha kwamba hupokea wageni wa nje na kuwatolea taarifa?
4. Arbuni hii ikipotea leo, je, mgonjwa wetu bado atasafiri?

Jibu la swali la nne likiwa "hapana", usitume.